Jezi ya Roscoe Isiyofuliwa

Odessa Mae Tolliver, binti Ezekieli aliyepaua kanisa letu la Mlima Pisga, mjukuu wa Hagari aliyezaliwa mtumwa akafia kwenye nyumba yake mwenyewe, ndiye aliyewafulia nguo vijana wa mpira wa Chuo cha Lattimore, hapa Georgia, tangu chuo hakijawa na uzio. Nilifua naye, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mpira wenyewe ni ule wetu wa kubeba mikononi. Mwaka 1948 chuo kilialikwa kwa mara ya kwanza kwenye Bakuli la Pekani, mchezo wa kufunga msimu, siku ya Mwaka Mpya. Mji mzima tulikwenda, vyombo vya kunde na mboga za majani, chakula chetu cha bahati cha Mwaka Mpya, vikiwa mapajani.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kufikia mapumziko, jezi zetu za manjano na nyeupe za Delmar, wapinzani wetu, zote zilikuwa tope jekundu, na Clement, mrushaji wetu, alikuwa amewarushia Delmar mpira mara mbili akidhani ni wenzake. Tulikuwa nyuma. Kocha Gaines akatujia chini ya majukwaa, kwenye makarai yetu ya maji ya kunywa.

"Dada Odessa, nisuuzie hizo jezi. Wazivae hivyo hivyo mbichi."

"Kocha, leo Mwaka Mpya. Ukifua leo, unamfua mtu wa nyumbani kwako anakwenda na maji."

"Hata mama yangu alikuwa akisema hivyo."

"Basi alikulea vizuri."

Kocha hakucheka. Nikamwambia Odessa, "Lakini hawa si wa nyumbani kwako."

"Mmoja ni wangu."

Alikuwa amezika wanawe wawili. Roscoe, namba ishirini na saba, ndiye aliyebaki. Odessa akawatazama wale vijana wanavyotetemeka, akakunja mikono ya gauni.

"Leteni. Ya Roscoe isiguse maji."

Tukasuuza, tukakamua, wakavaa. Roscoe akasimama peke yake na tope lake.

"Mama, unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibika ukiwa hai. Nenda kacheze."

Wakatoka wanang'aa, manjano tupu, na yeye katikati kama kisiki. Kocha wa Delmar akamlalamikia mwamuzi kwamba yule namba yake haisomeki. Mwamuzi akamuuliza, "Na zenu ziko wapi?"

Sasa Delmar walikuwa wanakaba manjano. Roscoe wakamwacha. Beki wao mmoja alimgonga bega akamwambia, "Shika upande wako, kaka," akampisha. Clement hakuhitaji namba. Roscoe hukimbia magoti nje kama bata, na Lattimore nzima inajua. Mpira ukamfikia hakuna mtu karibu naye, akavuka nao mstari wa mwisho. Tukashinda kwa huo.

Watu walimbeba Roscoe. Odessa alimvua jezi palepale, akaikunja na tope lake, akaiweka chini ya chombo chake cha kunde.

Alipofika miaka tisini, chuo kilitengeneza kabati la kioo kwa ajili ya mchezo ule, wakaja kuiomba jezi. Walisema wangeipeleka kwanza kwa wasafishaji. Odessa akawaaga kwa adabu, kisha akamwita Verlene, binti wa Roscoe.

"Kuanzia leo hii ni kazi yako. Kabatini iingie, watu waione. Lakini uibebe wewe, usimame hapo mpaka wafunge kioo. Mtu akileta sabuni, irudishe nyumbani."

"Bibi, ni tope tu."

"Baba yako ana miaka sabini, yuko jikoni anakula sahani ya tatu. Unadhani kwa nini yupo?"

"Kwa sababu anakula mboga."

"Mboga anakula, sikatai," Odessa akasema, akimwekea jezi mapajani. "Ila mimi sikumfua. Na wewe usije ukamfua."