Chupa Tatu kwa Mwingereza wa Ndola

Nilienda Ndola kumrudisha bwana yangu. Wengine wanasafiri ili waone nchi. Mimi nilikuwa na hasira, na nchi niliiona kwa sababu ilikuwa njiani.

Bwana yangu, Donatien, alikuwa karani katika duka la vinywaji pale Élisabethville. Tajiri wake alimtuma Ndola kwa Mwingereza mmoja, akajifunze kuonja bia. Aliniambia atarudi mbele ya mvua. Mvua ikaanza, yeye hakuonekana. Kisha jirani yetu anayefanya kazi kwenye gari la moshi akaniletea habari: Donatien anataka kutia sahihi kazi ya miaka mitatu kulekule, na nyumba wanazopewa ni za wanaume peke yao. Mimi na watoto wawili tutakaa kwa mama yake, kule kijijini Naviundu. Mambo yote yalikuwa yamepangwa. Mimi sikuulizwa.

Asubuhi ya kuondoka nilimpeleka mtoto wa kwanza Naviundu. Mama mkwe alikuwa anatwanga mihogo, hakuacha.

"Muke hafuatake bwana ku kazi," akasema.

"Simufuate, mama. Minaenda kumurudisha."

"Na akikatala?"

"Akikatala, anikatalie mu macho."

Nikamfunga mtoto wa pili, Adèle, mgongoni, maana alikuwa bado ananyonya, nikaenda stesheni.

Njiani hakuna mengi. Pori, vichuguu, mvua, tena pori. Katika behewa la tatu nilikaa na wanawake wanaouza samaki wakavu. Mmoja, mnene, mwenye kilemba cha kijani, alinitazama nikimnyonyesha mtoto.

"Dada, usimupe ziwa na ile kasirani," akasema. "Mutoto ataumwa tumbo."

"Amezoea," nikamjibu. Wakacheka, wakanipa ndizi.

Sakania, mpakani, Mbelgiji mmoja alitazama karatasi yangu na kuuliza naenda kufanya nini. Nikasema: bwana yangu yuko kule. Akapiga muhuri bila kuuliza tena. Labda naye ana bibi.

Ndola ilikuwa kama mji wetu, ila barabara zake zilinyooka zaidi na watu walisema Kibemba kwa sauti ya chini wakipita mbele ya wazungu. Donatien nilimkuta kwenye ghala la Mwingereza, amevaa suruali mpya. Alipotuona alisimama na chupa mkononi.

"Aba, Marceline. Ni nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Alimchukua mtoto, akambusu, akamrudisha kwangu haraka, kwa sababu kazi ilikuwa inaendelea. Siku ileile, baada ya kuonja mara ya mwisho, angetia sahihi. Nikamwambia sikatai aonje, ila sahihi asitie. Akajibu, "Tutasema nyumbani." Nyumbani gani, hakusema.

Mwingereza alikuwa mzee mwembamba mwenye shingo nyekundu. Alikuwa amekaa Élisabethville miaka mingi, akajua Kiswahili cha jikoni. Alisema nikae, mimi pia nionje. Akaeleza kwamba bia hii inatengenezwa na kaka yake, kijijini kwao Uingereza, katika kiwanda kidogo chenye wafanyakazi wachache, na mapipa bado yanavutwa na farasi. Alitaka kuiuza katika mahoteli ya Élisabethville. Alihitaji mtu mwenye Kifaransa wa kwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili.

Chupa ya kwanza ilikuwa na rangi ya asali. Mwingereza alijimiminia na yeye, akatuonyesha: kwanza pua, kisha kidogo mdomoni, usimeze mara moja. Kwetu bia inanywewa baridi mpaka meno yanauma. Hii ilikuwa ya uvuguvugu tu, na povu lake lilikufa upesi. Nilidhani nitaichukia. Lakini uchungu wake haukuja mbele, ulikuja nyuma, kama jani ulilolitafuna ukiwaza mambo mengine, kisha uchungu ukaondoka na kuacha mdomo safi. Nilikuwa na hasira, lakini nasema ukweli: ilikuwa nzuri.

"Butamu sana, bwana," Donatien akasema.

Ya pili ilikuwa ya kahawia. Ilinukia ganda la mkate na sukari iliyoungua kidogo. Ilikuwa nzito, ingefaa kwa mtu aliyeshinda kwenye mvua.

"Hii pia, butamu sana," Donatien akasema, kwa sauti ileile.

Ya tatu ilikuwa nyeusi. Mwingereza alisema kwao inapewa akina mama wanaonyonyesha. Alitumiminia sisi wawili, yeye akaanza kujaza kiko chake. Donatien akanywa.

"Inapita zote, bwana."

Mimi nilitia pua kwanza, nikaweka bilauri chini. Mwingereza akauliza mbona sinywi.

"Kwetu mwenye pombe anakunywaka wa kwanza," nikasema. "Kisha mugeni. Nakungojea."

Donatien alinikanyaga mguu. "Marceline, usituletee haya."

Mzee alicheka, akavuta bilauri yangu, akanywa. Akasimama, akaenda mlangoni, akatema nje. Bia ilikuwa imechacha. Ilikuwa imeiva na jua la safari kama maziwa yaliyosahauliwa.

Alirudi akakaa. Alimuuliza Donatien bila hasira: hakuisikia ile ladha?

"Niliisikia, bwana."

"Mbona umesema inapita zote?"

"Muntu akikupa pombe ku nyumba yake, hauwezi kumuambia iko mubaya. Ni haya."

"Na zile za siku zote, ulizosema nzuri?"

Donatien alitazama suruali yake mpya. Mzee akasema taratibu kwamba mtu wa namna hiyo ni mgeni mwema, lakini hawezi kumwajiri. Karatasi ya kazi akairudisha ndani ya meza.

Kurudi, tulikaa behewa moja, mtoto kati yetu. Baada ya Sakania akafungua mdomo.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Basi ulitaka nini?"

"Nilitaka ukatale weye mwenyewe."

Pale Élisabethville akashuka wa kwanza.

Kule Naviundu, mama yake alimpokea kwa mikono miwili. Donatien alikaa akasema, "Nimerudi juu ya batoto, mama. Sikuweza kubaacha." Mama mkwe akanigeukia, akingoja niseme ndiyo.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba kuna bia ya uvuguvugu inayostahili kunywewa polepole, na kwamba bwana yangu anasema "butamu" kwa kila kitu, bia na bibi yake pamoja, bila kuonja.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni Muzungu amemukatala. Miye nilimuomba, hakusikia."

Donatien alisema ninamwaibisha mbele ya mama yake. Nikafungua kitambaa, nikamtoa Adèle mgongoni.

"Mushike," nikamwambia. "Miye minaenda kulala."

Akamshika.