Siku Niliyoshika Meza ya Samaki

Mimi nina hasira. Sijivunii, nasema tu mapema ili ujue ni nani anayekusimulia. Hapa sokoni Bondeni nimewahi kumrushia mteja kabeji kwa sababu alibonyeza nyanya zangu zote halafu akaenda zake bila kununua hata moja. Na kwa miaka sita sikusalimiana na jirani yangu wa meza, mama mmoja anayeuza samaki. Maji ya samaki wake yalikuwa yakitiririka mpaka kwenye magunia yangu ya viazi. Nilipomlalamikia alinijibu kwamba kama nataka maji yapande mlima, nikaongee na Mungu. Kwao ni magharibi, kwetu ni Subukia, na mwaka ule wa uchaguzi, mji wetu wa Nakuru ulipochomwa, watu wa kwao na wa kwetu walikatana mapanga. Kwa hivyo ugomvi wetu haukuwa wa maji peke yake, na sote wawili tulijua.

Hata hivyo kuna kitu ambacho hatukuwahi kunyimana. Sokoni kwetu mtu akienda choo, au kliniki, au mazishini, anamwambia jirani, "Nishikie meza," na jirani anauza vya mwenzake kama vyake. Hata kama hamsemezani, unashika. Alinishikia mara nyingi na sikumwambia asante, na yeye nilipomshikia alinuna vilevile.

Basi mheshimiwa mmoja akataka soko. Mtu ana mashamba ambayo ukisimama upande huu huoni mwisho wake, lakini roho yake ikatamani na hiki kiwanja kidogo ambacho mama zetu waliuzia kabla yetu. Alitaka kujenga maduka ya vioo. Mara ya kwanza alileta wahuni wa kukodi kwenye lori, wakaanza kuvunja, na polisi wakasimama kando wakitazama kama watu waliokuja kuona mpira. Sisi tukaokota mawe. Nilirusha la kwanza mimi, sitaficha. Hapo ndipo polisi wakapata kazi. Fundi wa viatu alipigwa risasi ya kifua akiwa kwenye kigoda chake, na kiatu cha binti yangu alichokuwa akikishona kilibaki mkononi mwake. Jioni redio ikasema wafanyabiashara wamezua fujo. Jiwe langu ndilo walilokuwa wakilingojea.

Tulienda kortini. Korti ikatupa siku ya Jumatatu, na mwenyekiti wetu, mama mzee anayeuza maharagwe, akatueleza hali ilivyo. Soko likibomolewa kabla ya Jumatatu, hakutakuwa na kitu cha kutetea. Na tukirusha hata jiwe moja, watatufungia soko kwa jina la usalama. Kazi yetu ilikuwa moja tu, kubaki pale tumesimama.

"Mtu akivunjiwa meza yake mbele ya macho yake, mkono unanyanyuka wenyewe," alisema. "Wangu utanyanyuka, najijua. Kwa hivyo kila mtu ashike meza ya mwenzake. Na mje mikono mitupu." Kisha akanitazama. "Wewe, samaki. Na wewe wa samaki, ushike ya kabeji."

"Mathe, sasa unanitafuta," nikamwambia.

"Ndiyo, nakutafuta," akajibu, na akaendelea kugawa meza.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na kisu changu cha kukatia kabeji chini ya aproni. Nilijiambia ni cha kazi. Kazi gani, na siku hiyo meza yangu haikuwa mikononi mwangu?

Lori lilikuja saa tatu, na nyuma yake tingatinga na polisi. Wahuni waliruka chini na rungu na vyuma vya bomba. Walianza kwenye maharagwe. Mama aliyekuwa ameshika meza ile alipigwa mdomoni, akatema jino, akarudi kusimama palepale. Walimpiga tena, akainuka akiwa ameshika ubao. Bomu la machozi lililipuka karibu na mitumba, moshi ukatuingia, watoto waliokuwa migongoni wakaanza kukohoa. Nilisikia mbao zikipasuka na watu wakilia. Sikuona mtu akikimbia, na sikuona mkono ukiokota jiwe.

Jamaa mmoja mwenye kofia nyekundu alinifikia. "Hii meza ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Wewe si ni wa kabeji? Mimi nakujua, mathe."

"Ni yangu."

Aliipindua. Samaki walimwagika matopeni, akawakanyaga kwa buti, kisha akanipiga chuma mgongoni nikaona giza. Niliumia, lakini roho yangu ilikuwa baridi. Mwenyekiti alikuwa amesema kweli, samaki hawakuwa wangu.

Kisha akageukia meza yangu. Yule mama wa samaki alikuwa amesimama pale, mkono wa kulia ameuweka juu ya ubao, katikati ya kabeji.

"Na hii?"

"Yangu," akasema.

Jamaa akainama, akaongea polepole. "Wewe si wa hawa. Hawa ndio waliwafukuza nyinyi, umesahau? Toka hapo, sisi hatuna shida na wewe."

Nilimtazama. Kusema kweli nilidhani ataondoka. Mimi ningeondoka.

"Nimekuambia ni yangu," akasema.

Chuma kilishuka juu ya ule mkono. Nilisikia mifupa. Hakuutoa. Kikashuka mara ya pili, kabeji ikaingia damu. Kikashuka mara ya tatu.

Kisu kilikuwa kimeshafika mkononi mwangu na sikumbuki kukichomoa. Jamaa alikuwa amenipa mgongo, shingo wazi, hatua mbili. Nilitaka kumuua. Sisemi nilifikiria, nasema nilitaka, kwa mwili mzima. Na ng'ambo ya meza niliona mkubwa wa polisi akinitazama mimi, si yeye. Bunduki alikuwa ameshainyanyua. Alikuwa akingoja, kama siku ile ya mawe.

Yule mama naye alikiona kisu. Hakupiga kelele. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

"Nishikie meza," akaniambia, kwa sauti ileile ya siku zote, ya mtu anayekwenda choo.

Nikakitumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji ya samaki. Nikaiinua meza yake kutoka matopeni, nikaisimamisha, nikaweka mikono yote miwili juu yake. Jamaa alirudi akanipiga tena. Nililia, matusi nikayameza, na sikuiacha.

Kumpiga mtu asiyerudisha kunachosha, nadhani. Kufikia saa sita walikuwa wamekaa kwenye lori wakinywa maji, na polisi hawakuwa na sababu ya kufyatua. Tingatinga haikuweza kupita juu ya watu waliosimama, ikarudi ilikotoka. Jumatatu korti ilimzuia mheshimiwa, kwa sasa. Bado anapita hapa na gari lake, vioo vimefungwa.

Mkono wa jirani yangu ulifungwa plasta miezi miwili. Vidole vitatu havikunjiki tena, na kwa viwili huwezi kupara samaki. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla sijafungua magunia yangu, namparia mimi, kwa kisu kilekile cha kabeji. Maji yake bado yananiingilia kwenye viazi na bado tunagombana.

Juzi aliniambia napara vibaya, nawaharibia wateja nyama. Nikamjibu, "Si upare mwenyewe." Neno lilinitoka kabla sijalishika. Aliutazama mkono wake kidogo, kisha akanisukumia samaki mwingine.