Mkaratusi wa Mita Kumi na Nane

Nikipita penye mbao mbichi za mkaratusi, ile harufu kali kama ya dawa ya kifua hunirudisha Kasulu, mwaka 2013, nilipokuwa darasa la sita.

Jumamosi nne mfululizo, wanachuo wa ualimu walikuja shuleni kwetu kutufundisha mambo yasiyokuwa kwenye mtihani. Wenzetu walipata kuchora ramani. Sisi tulipewa Mwalimu Shabani, kijana mwembamba wa Lindi, aliyetusalimu kwa Kiha chetu, "mwidiwe", kwa lafudhi iliyotufanya tuinamishe vichwa tukicheka. Somo lake lilikuwa kupima vitu tusivyoweza kuvifikia.

Jumamosi ya tatu tulipima mkaratusi wa nyuma ya shule. Alisimamisha fimbo ya mita moja kwenye sakafu ya baraza, tukasubiri. Ilipokaribia saa nne, kivuli cha fimbo kilikuwa na urefu sawa na fimbo yenyewe.

"Sasa na kivuli cha mti ni sawa na mti," alisema. "Haya, kimbieni."

Mimi nilishika mwisho wa kamba, nikashuka nayo hadi ncha ya kivuli. Mita kumi na nane. Tuliandika jibu, tukalipigia mstari.

Wiki hiyo mti ukakatwa ili kuezekea jiko la shule. Jumamosi ya mwisho akaja mkufunzi wake, mama mmoja mkimya mwenye fomu, kumpima anavyofundisha. Ufaulu wake ulitegemea siku ile. Mwalimu akatutoa nje tuhakikishe jibu letu kwenye gogo. Tulipima mara mbili, pamoja na kisiki. Mita kumi na nne.

"Si nilisema Jeni asipewe kamba?" mwenzetu Elia akasema. "Huyo hata mbuzi humponyoka."

Wakacheka. Nilijua nilishika vizuri, lakini uso uliniwaka, nami nikaanza kujitilia shaka.

"Kamba alishika yeye, kipimo ni changu," Mwalimu alisema. "Kosa ni langu."

"Liko wapi?" mkufunzi akauliza.

"Bado sijui, Madamu."

Mkufunzi akaandika kitu. Mwalimu aliutazama ule mkono wenye kalamu, kisha akanigeukia.

"Jeni, mdogo wangu, kasimame pale pale ulipoishikia kamba."

Nikashuka. Nilipogeuka, viatu vyake pale kisikini vilikuwa juu kuliko kichwa changu. Akatabasamu.

"Kwetu ardhi imelala," alisema. "Hii inashuka, na kivuli kimeshuka nayo kikarefuka. Fimbo niliiweka barazani, palipo sawa."

Sisi tuliozaliwa kwenye mteremko ule hatukuwa tumeuona. Mama yangu alizoea kusema kwamba miguu ikizoea kilima, macho hukisahau.

Alama alizopata Mwalimu sikuzijua kamwe. Shule yangu iliishia darasa la saba. Hesabu za miteremko nilijifunza mwenyewe baadaye, kwa vitabu vya kuazima. Siku nilipoikokotoa ile ya mkaratusi na kupata kumi na nne, nilifurahi, kisha nikakumbuka mpangilio wa maneno yake. Alisema kosa ni lake kabla hajajua liko wapi. Kwa alivyojua wakati ule, huenda lilikuwa mikononi mwangu kweli, na fomu ilikuwa wazi mbele yake.

Mimi nikikosea, hadi leo, kwanza hutazama nani mwingine alishika kamba.