Siku Nahodha Cele Alipomkatalia Mama Yake

Trekta linaisukuma boti mpaka maji yanafika kwenye ekseli, kisha linarudi nyuma likinguruma. Jua ndiyo kwanza linachungulia ufuo wa Shelly Beach. Nyuma ya usukani amesimama Mfanafuthi Cele, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, miguu ameipanua, macho hayabanduki kwenye mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbele yake.

"Shikeni kamba," anasema. "Na mtu asiongee."

"Hata kuomba?" anauliza mama yake, MaNgcobo, aliyefungwa jaketi la kuokolea juu ya gauni lake la kanisani.

"Omba kimoyomoyo, Mama."

Wimbi la kwanza linapita. La pili linapita. Mdogo wake, Khumbulani, fundi wa magari aliyetoka Durban usiku uliotangulia, anashindwa kuvumilia.

"Sasa, kaka! Nafasi hiyo!"

"Hiyo si nafasi, ni mtego. Nyamaza."

Na kweli, wimbi kubwa kuliko yote linainuka pale pale alipoonyesha Khumbulani, linajikunja na kuporomoka kwa kishindo. Kabla povu halijatulia, Mfanafuthi anasukuma gia hadi mwisho. Injini mbili zinapiga yowe, boti inainua pua, inapanda, inaning'inia hewani kwa kitambo, kisha inatua upande wa pili kwa kishindo cha kutikisa meno. MaNgcobo anapiga ukelele na kuyataja majina ya sifa ya ukoo wa mumewe: "Ndosi! Magaye!" Mjukuu wake Samkelisiwe anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ya familia ya chama cha wavuvi wa burudani. Kwa Mfanafuthi, haikuwa burudani tupu.

Ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na minane. Alianza kwa kuosha boti, akapanda cheo na kukata chambo, akawa msaidizi, na hatimaye akapata cheti cha nahodha kinachomruhusu kuwavusha watu kwenye mawimbi. Hulipwa randi mia tisa kwa safari, pamoja na chochote ambacho mgeni atapenda kumpa. Bahari ikichafuka, hakuna safari, na pasipo safari hakuna malipo. Amewapeleka majini wageni wa Johannesburg, wa Pretoria na hata wa ng'ambo. Mtu wa nyumbani kwake, Izingolweni, hajawahi kumpeleka hata mmoja.

Si kwamba watu wa Izingolweni hawaijui bahari. Kila mwaka mpya hushuka pwani kwa mabasi, wakalowesha miguu, wakajaza chupa maji ya chumvi ya kusafishia matumbo na kufukuzia mikosi, kisha wakarudi kwao milimani.

"Sisi bahari tunaichota, hatuipandi," asema MaNgcobo, mwenye miaka sabini na mmoja.

Lakini mwaka huu Bwana Perumal, mwenye boti, alitangaza kwamba magoti yamemshinda na kwamba anaiuza. Akampa nahodha wake nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Nusu ya bei Mfanafuthi alikuwa ameiweka akiba. Nusu ya pili ilikuwa inakula majani Izingolweni, miongoni mwa ng'ombe wanane walioachwa na marehemu baba yake, ambao hawawezi kuuzwa pasipo neno la MaNgcobo. Neno hilo aliliomba mara mbili, na mara mbili akarudi mikono mitupu.

Mama huyo alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita, boti moja ya ufuo mwingine ilipinduliwa na mawimbi. Wageni walikuwa wamekwisha kulipa na hawakutaka kusikia habari ya kurudi kesho. Nahodha akaona haya kuwakatalia. Nahodha huyo alikuwa muumini wa kanisa moja na MaNgcobo, na mama huyo alikuwapo alipozikwa.

"Mwenye pesa akisema twende, mtoto wa maskini atasema nini?" anauliza. "Niuze ng'ombe wa mume wangu ili nimnunulie mwanangu kaburi?"

Bwana Perumal ndiye aliyesema kwamba kuona ni zaidi ya kuambiwa. Akamkabidhi Mfanafuthi boti kwa siku ya familia: "Mpeleke mama yako. Akikataa baada ya hapo, basi amekataa."

Masharti ya siku hiyo ni machache. Fimbo ya kuvulia hushikwa kwa zamu, na samaki akishanasa, hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuigusa. Na samaki wa mdomo mrefu, awe mkubwa namna gani, huwekwa alama na kurudishwa majini akiwa hai.

Asubuhi ilikuwa njema. Samkelisiwe alimvuta jodari mnene, akamkumbatia kama mtoto mchanga. Mama yake, MaShezi, akampata mwingine. Khumbulani hakupata chochote isipokuwa kichefuchefu. Alijikunja ukingoni, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Fundi, injini yako inavuja," MaShezi alimtania.

"Shemeji, niache nife kwa heshima."

"Unawalisha samaki bure, na chambo tumenunua!"

MaNgcobo alikuwa amefungua kikapu, anagawa mkate wa mvuke na paja la kuku, wakati mshipi wa nyuma ulipoanza kulia kwa kuvutwa. Mlio ule, Mfanafuthi anasema, humwamsha hata akiwa usingizini kwake. Mita hamsini nyuma ya boti maji yakapasuka, na samaki mrefu akaruka, pezi la mgongoni limetanda kama tanga la buluu, mdomo kama sindano ya kushonea magunia.

"Sulisuli!" Mfanafuthi alipiga kelele. "Zamu ya nani?"

Wote wakamgeukia bibi mwenye paja la kuku mkononi.

"Mimi? Wee, Futhi, usinichezee!"

"Zamu ni zamu, Mama. Njoo!"

Paja likaenda baharini. Akafungwa mkanda kiunoni, fimbo ikatiwa kwenye kikombe cha mkanda, naye akaegemea nyuma kama anayeburuta ndama asiyetaka kwenda joshoni. Samaki aliruka tena, na tena, akiutikisa mdomo wake. Khumbulani alisahau ugonjwa wake akanyoosha mkono kusaidia.

"Toa mkono!" Mfanafuthi alinguruma.

"Kaka, ataanguka!"

"Mshike kiuno. Fimbo usiiguse. Mama, nisikilize mimi peke yangu. Inua polepole. Sasa shusha huku unakunja mshipi. Inua. Akikimbia, mwache akimbie, usishindane naye."

"Mikono inakufa!"

"Haijafa, inalalamika tu. Inua!"

Na MaNgcobo, ambaye kwa miaka arobaini na mmoja amezoea kumwamuru mwanawe, akaamriwa na kutii. Aliinua, akashusha, akakunja. Jasho lilimtiririka, kilemba kikamwangukia shingoni, Samkelisiwe akawa anamnywesha uji mchachu wa mahewu kwa kikombe. "Vuta, Bibi! Anachoka!"

"Anachoka yeye? Mbona mimi ndiye ninayekufa!"

Hatimaye sulisuli akalala ubavuni pa boti, mrefu kumshinda aliyemvuta, mistari ya buluu ikiwaka na kuzimika mwilini mwake. Khumbulani alikuwa amekwisha shika kisu. MaNgcobo akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja, akaagiza kama anayeagiza kuni:

"Mpandisheni. Nitawalisha kanisa zima."

Mfanafuthi alikuwa ameinama, amevaa glavu iliyolowa, ameushika ule mdomo mrefu. Hakuinua kichwa.

"Mama, huyu anarudi."

"Anarudi wapi?"

"Kwao. Ndiyo sharti la leo, tena ndilo sharti langu kila siku."

"Samaki ni wangu. Nimemvuta kwa mikono yangu, hukunisaidia hata kwa kidole!"

"Ni wako, Mama. Lakini boti hii leo ina nahodha mmoja."

MaShezi alimgusa mumewe begani, akamnong'oneza: "Baba Samke, wakumbuke ng'ombe."

Hakuhitaji kukumbushwa. "Niliwaona wote wanane," anasimulia, akicheka sasa kwa sababu anaweza kucheka. "Wanarudi zizini mmoja mmoja, wananipa mgongo."

"Mimi niliyekuzaa nakuomba," MaNgcobo alisema, sauti imeshuka.

"Nisamehe, Mama. Hapana."

Aliipeleka boti taratibu ili maji yapite kwenye mashavu ya samaki, akamchomeka alama ndogo ya plastiki mgongoni, akangoja mpaka mkia ulipoanza kupiga wenyewe. Kisha akaachia. Sulisuli alisimama kidogo, kama asiyeamini, halafu akazama na kupotea. MaNgcobo alikuwa ametazama upande wa pili.

Wakaanza kurudi. Mfanafuthi alisubiri nyuma ya mawimbi, akachagua moja, akalifuata mgongoni kwa kasi yote mpaka boti ikapanda mchangani na kusimama. Kwa kawaida wageni hupiga makofi hapo. Safari hii hakuna aliyepiga.

Bwana Perumal alikuja akichechemea, pamoja na nusu ya chama.

"Bibi! Tumesikia kwenye redio ya boti. Samaki yuko wapi?"

"Muulize nahodha wako," MaNgcobo alijibu, akishushwa kama malkia kwenye mikono ya wanawe. "Amenikatalia."

Mfanafuthi akaanza kukunja kamba ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

"Nimemwamuru, akakataa," mama aliendelea. "Nimemwomba, akakataa. Nimemtajia tumbo lililomzaa, mbele ya mke wake na mtoto wake. Anajua ninachokishika mkononi, na bado akaniambia hapana." Akamgeukia Bwana Perumal. "Basi niambie wewe uliyemlea kazini. Mtu wa namna hii, tajiri akija na pesa zake siku bahari ni mbaya, atamwogopa?"

"Hajawahi, Bibi."

"Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Hayo ya boti nzuri, injini mbili, sikuyauliza." Akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu samaki aondoke. "Uza saba. Yule mweusi mwenye baka jeupe mwache, ni wa baba yako hasa."

Khumbulani alimbeba kaka yake juu juu, wakaanguka wote majini na nguo zao. MaShezi alipiga vigelegele mpaka mbwa wa ufuoni wakamjibu. Ilipofika saa ya kuchoma nyama, sulisuli wa MaNgcobo alikuwa amerefuka kwa hatua mbili.

Jumamosi hii baba mdogo wa familia, mzee Muziwakhe, ataingia zizini Izingolweni kuwaarifu waliotangulia kwamba mifugo yao inaondoka, kama desturi inavyotaka. Anakiri kwamba hajui ataanzaje. "Ng'ombe kuwa mahari, hilo wanalijua. Ng'ombe kuwa boti?" MaNgcobo amemshauri aseme kwamba wamehamia malisho mengine.

Mfanafuthi anakusudia kuanza safari zake mwenyewe mwezi ujao. Wageni wa mbali atawapokea kama zamani, lakini siku moja ya kila mwezi ameitenga kwa watu wa Izingolweni, kwa bei ya mafuta tu. Tayari wanawake sita wa kanisani wameandikishwa, na anayewaandikisha ni MaNgcobo.

Mama huyo ameweka sharti moja tu la biashara, naye hulirudia kila anapopata msikilizaji.

"Mgeni akimbishia siku bahari imechafuka," anasema, "nimemfundisha la kujibu. Amwambie: 'Mama yangu mzazi nilimkatalia, sembuse wewe?'"