Ngoma Isiyo ya Sherehe

Jirani anapokausha ngoma mpya motoni, harufu ya ngozi hunirudisha kwenye tamasha la bure mjini Morogoro, ambako kila mwaka makabila mengi hucheza uwanja mmoja. Bibi ndiye aliyenipeleka. Babu alikuwa mgonjwa, tukamwacha nyumbani Mkuyuni.

Vijana wa Kiluguru walianza kupiga ngoma polepole, watu wakashangilia. Bibi akanibana mkono hadi nikaumia.

"Bibi, cheza basi! Si ngoma ya kwenu hiyo?" kijana mmoja akamtania.

"Ni ya kwetu, mjukuu wangu. Lakini hupigwa mtu akifa."

Kijana akacheka. Bibi akanivuta, tukaenda kupanda gari la kurudi.

Tulipofika, majirani walikuwa wamekaa uani kwetu. Niliwaamkia shikamoo. Mmoja wao akainuka, akamkumbatia Bibi huku akilia.