Mama Anataka Kuzikwa Ndani ya Mpaka Nilioupima Mimi

Admin, naomba unifiche kabisa, maana ndugu zangu wakijua nimeleta haya hapa nitakuwa sina pa kurudi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, Mnyiramba wa vijiji vya huku Mkalama. Nimeajiriwa serikalini kwenye ulinzi wa vyanzo vya maji. Kazi yangu ni kuzuia watu kulima, kufyatua tofali au kuzika ndani ya mita sitini kutoka mtoni, na palipokwisha kuharibiwa tunapanda matete na miti mpaka parudie hali yake. Si kazi ya kupendwa. Kijijini wananiita Mama Bikoni, kwa zile nguzo nyeupe za mpaka ninazosimika, na si wote wanaoniita hivyo kwa mapenzi.

Miaka michache iliyopita ilifika zamu ya mto wa kijijini kwetu. Ningeweza kumwachia mwenzangu, lakini kwa kiherehere changu nikasema nitapima mwenyewe, wasije wakasema naonea watoto wa wenzangu tu. Sisi hatupimi kutoka pale maji yalipo wakati wa kiangazi, tunapima kutoka yanapofika masika. Nikapima kwa haki. Bustani za vitunguu zikatolewa zote, ya kaka yangu mkubwa ikiwemo. Na kaburi la baba, aliyezikwa zamani pembeni ya bustani yake, likabaki ndani ya mpaka. Kwa kuwa yeye alishazikwa, hakuna wa kumgusa, ila kaburi jipya pale haliruhusiwi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Matete yakaota, na chemchemi iliyokuwa inakauka mapema sasa inatoa maji karibu kiangazi chote. Hata walionitukana wanachota pale.

Mwaka jana jirani yetu, nimwite Mzee Ramadhani, alifiwa na mkewe. Kiwanja chao kiko mtoni, na watoto wao wawili wamezikwa hapo. Mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu, watu wameshashika majembe, akauliza, "Mama, wachimbe?" Nikasema hapana. Wakampeleka yule bibi makaburi ya kijiji, kule juu kwenye mawe. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilimwona mtu mzima ana busara, nikashukuru, nikaendelea na kazi.

Sasa mama yangu anaumwa. Hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani, na jamani mnajua maana ya maneno hayo. Akili yake iko sawa, anatania, anadai uji wake hauna sukari. Na anachokitaka ni kimoja tu. Aliniita, akaniambia kwa Kinyiramba kwamba akienda tumlaze ubavuni kwa baba. Akacheka kidogo, "Baba yako alikuwa mwoga wa nyoka, kalala peke yake siku nyingi mno." Nilitoka nje nikalia mpaka wanangu wakaogopa.

Hajui. Bustani zilipotolewa alijua, lakini ya makaburi hakuna aliyemwambia, na siku aliyozikwa mke wa Mzee Ramadhani yeye alikuwa amelazwa mjini Singida. Anavyojivunia kazi yangu sasa! Kila mgeni akija anaambiwa huyu binti yangu ndiye aliyerudisha maji.

Kaka yangu mkubwa amenikalisha kikao. "Mpaka umeuweka wewe, si Mungu," akasema. "Saa hizi maji yamebaki kamfereji tu katikati. Njoo na futi kamba yako, pima kutoka hapo. Kaburi la mzee litakuwa nje na hakuna atakayesema neno." Nikamwambia nikisogeza bikoni moja, kesho vitunguu vitarudi mpaka kwenye chemchemi, na nitamzuia nani kwa mdomo gani? Akaniangalia kama mtu asiyenifahamu. "Kwa hiyo mama na matete, umechagua matete." Nikapendekeza tumhamishe baba, walale wote kule juu. Hapo ndipo baba mdogo aliponyanyuka, akasema nikitaja tena kumfukua kaka yake, yeye si ndugu yangu.

Nikaenda kwa bosi wangu, nikijua natapatapa tu kama mfa maji. Alinisikiliza vizuri, akafunga mlango. "Ukiniuliza kikazi, jibu ni hapana. Usiponiuliza, mimi sijasikia kitu." Akanipa pole ya kuuguza. Nilitamani anikatalie tu kwa ukali, nipate wa kumlaumu.

Wiki hii Mzee Ramadhani alikuja kumwona mama na kuku mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole, akakaa na mama wakacheka mambo yao ya zamani. Wakati namsindikiza akasimama. "Mwanangu, siku ikifika nitakuja na jembe langu. Mama yako ni dada yangu. Wewe utanionyesha tu tuchimbe wapi." Hakuna kejeli niliyoisikia pale, wallahi, na ndiyo maana sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Jana mama akaniomba niende mtoni nikampigie picha mahali pake, aone kama nyasi zimefyekwa. Nikaenda. Popote niliposimama, bikoni ilitokea kwenye picha, nyeupe pee. Nikazunguka mpaka nikapata pembe ambayo bikoni haionekani, nikapiga, nikamletea. Akaishika simu kwa mikono miwili. Akasema pazuri, panatutosha. Mimi nikasema, "Ndiyo, mama."

Wenzangu mnaosoma hapa, mliozika wazazi mnanielewa. Nimwambie ukweli aondoke na uchungu, au ninyamaze halafu nimzike asikokujua? Au niing'oe ile bikoni, halafu nimtazame Mzee Ramadhani kwa macho gani? Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie nifanye nini, maana asubuhi hii ameamka akaomba tena ile picha.