Mgongo wa Farasi wa Dorcas

Kwa miaka kumi na minane Uthmani aliyashonea makalio ya watu wa Muyinga. Mito yake ya kukalia nyuma ya baiskeli ilikuwa laini hata abiria alifika Gashoho bado anacheka. Vita vilipomsukuma Gitega, mwaka wa tisini na sita, alikuja na makasi, sindano kubwa, mkewe Swabra na blanketi lao la sufu.

Siku moja akaja Dorcas, muuguzi aliyetoka Uvira.

"Fundi, na hii ambargo ya kufunga mipaka, esanse ya gari hakuna, imelala. Mapadri wameniazima farasi, nafika nayo Bukirasazi kuchanja watoto. Lakini tandiko inamukata mugongo. Nishonee kitu ya kuweka chini yake. Kidonda ikizidi wanamurudisha, na mi sifiki tena kule."

Farasi! Uthmani alikuwa amemwona kwenye kalenda tu.

"Haina shida, dada. Keti hapa. Uko na kilo ngapi?"

"Mi?"

"Nani mwingine?"

Dorcas akacheka, akasema sitini na mbili. Gunia Uthmani aliliona gumu, pamba aliiona nyembamba. Akachagua sponji, unene wa vidole vinne, akaizungushia utepe mwekundu.

Baada ya siku nne Dorcas alirudi kwa miguu.

"Mi nimekaa kama malkia. Lakini farasi, kidonda imepanuka!"

Uthmani akachanganyikiwa. Kitu laini kinakataje? Akamfuata mpaka uani kwa mapadri, akasimama mbali. Mnyama alikuwa na kope ndefu kama za bibi harusi. Uthmani akaikamua sponji, jasho likachuruzika. Dorcas akalitingisha tandiko juu yake, nalo likayumba huku na huku, likisugua palepale kwenye uti wa mgongo.

"Fundi," Dorcas alisema polepole, "we ulinipima mimi."

Uthmani akamtazama Dorcas, akamtazama farasi. Ni kweli. Lakini baiskeli gani iliwahi kulalamika?

Nyumbani akaliomba blanketi.

"Blanketi yetu? Kwa mnyama?" Swabra akashika kiuno. "We mume wangu, vita imekugusa kichwa?"

"Sufu inakunywa jasho, haitelezi."

"Na mi nitajifunika farasi?"

Swabra akamtupia makasi. "Kata nusu. Ile upande yenye ulitoboa na sigara."

Akashona mabawa mawili, katikati akaacha njia ya uti wa mgongo. Kidonda kilipokauka wakalitandika. Uthmani akapitisha kiganja chini yake, kushoto, kulia.

"Sasa?" akamuuliza farasi.

Farasi akapuliza pua. Hiyo ni ndiyo au hapana? Uthmani hakujua, wala Dorcas.

Kesho yake alasiri Dorcas alirudi kutoka Bukirasazi, amepanda. Wakainua tandiko: jasho sawasawa pande zote mbili, kovu kavu. Uthmani akamwuliza tena farasi, akapuliziwa tena pua.

Jumatatu Chabani wa baiskeli alikuja kutaka mto, akaketi mwenyewe apimwe. Uthmani akampita, akaiinamia baiskeli, akaanza kuipapasa vyuma.

"Fundi, unatafuta nini?"

"Ngoja kwanza," Uthmani alisema. "Naangalia kama haiumii."